Hesabu Kabla ya Dripu ya Kwanza

Maneno kwa familia za wagonjwa wa saratani na viongozi wa vyama, Nakuru

Wazee wetu, akina mama, vijana wa boda, na nyinyi mliopanda matatu ya kwanza kutoka Molo, Olenguruone na Gilgil: hamjambo, na asanteni kwa kufika.

Swali linaloulizwa zaidi kwenye dawati la bima ni hili: "SHA italipa?" SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hapo ndipo watu wanapotegwa. Wakishasikia ndiyo wanapumua, wanaanza kemo, yaani dawa za kuua saratani. Mwezi wa tano wa matibabu dawati linawaambia pesa zimekwisha. Dawa ipo kwenye famasia ya hospitali, mgonjwa ameketi kwenye kiti, sindano haijawekwa, na jamaa wako nje wanapiga simu. Swali la kuuliza tangu mwezi wa kwanza ni: italipa mpaka wapi, na pale itakapokomea nani ataendelea? Leo tunafanya hesabu hiyo, kwa kalamu.

Ya usajili tutayapitia mbio, maana wengi mnayajua. NHIF, bima ya zamani ya serikali, ilifunga kazi na SHA ikachukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Unajisajili kwa *147# au kwenye Afya Yangu mtandaoni. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na kadhalika, kisha mfumo unampa kiwango chake, ambacho hulipwa kwa mwaka mzima. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vinalipiwa na mfuko mwingine, wa afya ya msingi. Huko usajili peke yake unatosha, kwa hiyo hakuna sababu ya mama kukosa kipimo cha mlango wa kizazi eti hajalipa mchango. Lakini saratani ikishapatikana, huduma zake ziko juu ya hapo, na huko ni lazima mchango uwe umelipwa.

Hapa tupunguze mwendo. Anayehesabiwa kwenye kadi yako ni mume au mke na watoto ambao bado wako chini yako. Mama yako mzazi hayumo. Hata kama anaishi kwako, anakula kwako na wewe ndiye unayemlipia kila kitu, yeye ni kaya yake na anajisajili mwenyewe. Familia nyingi hugundua hili siku mama anapofikishwa hospitali akiwa na uvimbe, na kwa sababu hana mshahara, mchango wa mwaka mzima unadaiwa kabla kadi haijafanya kazi. Kama mzazi wako yuko kijijini na ni mzima, msajili wiki hii. Alama za vidole pia zichukuliwe sasa, na namba ya simu iwe ya laini anayoishika yeye au mtu anayeishi naye. Pale namba za siri za kuidhinisha matibabu zinapotumika, hutumwa kwenye laini hiyo. Laini ikiwa ya mjukuu aliyeko Mombasa, foleni itasimama mpaka mjukuu atoke kazini.

Kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Naivasha na viwandani hapa mjini, kukatwa pesa kwenye karatasi ya mshahara hakumaanishi kwamba zimefika. Mwajiri anatakiwa azipeleke kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Baada ya siku chache kupita, angalia hali yako kwa *147#. Ukikuta haujalipiwa, nenda kwa ofisi ya wafanyakazi na karatasi za mshahara mkononi, na usingoje mpaka siku ya kulazwa.

Sasa kikomo. SHA ilipoanza, kifurushi cha saratani kiliwekwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka mfuko wa SHIF, ule wa bima ya afya ya jamii unaopokea michango yetu. Zikiisha, mfuko wa dharura na magonjwa sugu ulikuwa unaongeza 150,000. Jumla 550,000. Viwango hivi serikali hurekebisha mara kwa mara, kwa hiyo siku ya kufungua faili uliza dawati kiwango kinachotumika siku hiyo na kiasi kilichobaki kwenye kaya yako, uandikiwe. Sisi tutahesabu kwa viwango vya kuanzia. Njia ya kuhesabu ni ile ile hata tarakimu zikibadilika.

Chukueni kalamu. Mama ana saratani ya matiti, na daktari ameandika mpango unaoonekana mara nyingi: mizunguko minane ya kemo, minne ya dawa za kwanza na minne ya dawa ya pili, mmoja kila siku 21. Hiyo ni karibu miezi sita. Baadaye mionzi siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Tuseme dawa, vipimo vya damu na huduma vilivyoidhinishwa vinafika 58,000 kwa mzunguko. Tarakimu hiyo ni ya mfano. Ya kwako utapewa na hospitali yako.

Mizunguko sita ni 348,000. Wa saba unafikisha 406,000, kwa hiyo 400,000 za kwanza zimekwisha ndani ya mzunguko wa saba na zimepungua 6,000. Mfuko wa pili unaziba hizo 6,000 na kulipa mzunguko wa nane, 58,000. Zimetoka 64,000 kwenye 150,000, zimebaki 86,000. Toa skani mbili za CT, tuseme 9,600 kila moja: zimebaki 66,800. Mionzi SHA huilipa 3,600 kwa siku. Gawanya. Unapata siku 18, na chenji ya 2,000. Daktari aliandika 25. Siku saba hazina mwenyewe, na pengo lake ni shilingi 23,200.

Tazameni hiyo tarakimu. Elfu ishirini na tatu si pesa ya kuuza ng'ombe. Chama cha wanawake kinaweza kuichanga kwa Jumapili mbili. Lakini hiyo ni ikiwa imejulikana miezi saba kabla. Ikijulikana siku ya 18, mgonjwa anakaa nyumbani wiki mbili jamaa wakitafuta, na mionzi iliyokatizwa hivyo hupoteza nguvu, kwa sababu seli zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana tena.

Yapo mambo mawili yanayoipotosha hesabu hii. La kwanza, kikomo ni cha kaya. Baba akiwa na saratani ya tezi dume na mama ya matiti, wote wawili wanachota kwenye mtungi mmoja. La pili, upasuaji na kulazwa vina vifurushi vyake kwenye SHIF. Mama akiondolewa titi, au akilazwa kwa homa baada ya kemo kushusha chembe nyeupe za damu, bili hiyo haipaswi kuandikwa kwenye saratani. Ikiandikwa huko kwa makosa, umepoteza mizunguko bila kujua. Ndiyo maana tunawaambia muombe taarifa ya matumizi kila baada ya mizunguko miwili, muisome mstari kwa mstari.

Na bei. SHA inalipa kwa bei yake iliyowekwa, hata hospitali ikidai zaidi. Hospitali ya binafsi ikitoza, kwa mfano, 12,000 kwa siku moja ya mionzi, SHA inatoa 3,600 na 8,400 inabaki kwako. Mara 25 ni 210,000. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jengo lenye sakafu inayong'aa, kumbukeni kwamba mashine ya mionzi ipo hapa kwenye hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo sote bado tunaiita PGH. Na wa pande za Kericho, Bungoma na Kakamega wana ile ya Moi kule Eldoret. Pale kwenye hospitali ya umma shilingi ile ile inakwenda mbali zaidi. Ubaya wake ni foleni, na siku mashine inapoharibika. Uliza mapema ikiharibika wanawapeleka wapi, na kama idhini yako itafuata.

Kuna dawa moja tuitaje kwa jina, maana wengi bado wanachangisha harambee kwa ajili yake bila sababu. Herceptin ni ya saratani ya matiti yenye alama ya HER2, protini iliyozidi kwenye seli za saratani. Hutolewa kila wiki tatu, kwa kawaida mara 18. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana bei ishuke kutoka 120,000 hadi 40,000 kila mara inapotolewa, na hizo 40,000 zilipwe na SHA. Ukiambiwa uitafute kwa pesa yako, kwanza uliza hospitali gani ziko kwenye mpango huo. Lakini huwezi kuingia bila kipimo cha HER2, na kipimo hicho hufanywa kwenye kile kipande cha nyama kilichokatwa mwanzo. Maabara hukihifadhi ndani ya nta. Mwambie daktari aagize kipimo hicho siku ile ile biopsi inapopelekwa, na ukihama hospitali, hama na ile nta pamoja na ripoti. Wanaohama na ripoti peke yake hukatwa nyama mara ya pili.

Tuje kwa bima za nyongeza, ambazo ajenti wanaziuza mpaka kwenye stendi ya matatu. Zote zinaitwa bima, lakini kazi zake hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni bima ya matibabu ya binafsi, ile ambayo wengi wanaipata kazini. Usiridhike na tarakimu kubwa ya mbele. Kadi inaweza kusema milioni 2 za kulazwa, na ndani, ukurasa wa nne, pameandikwa saratani mwisho 300,000. Hilo ndilo kikomo chako. Kisha uliza kemo ya kuja asubuhi na kurudi jioni inahesabiwa wapi: kwa waliolazwa au kwa wanaotibiwa na kurudi? Kampuni nyingine zinaiweka kwa waliolazwa, nyingine kule kwingine ambako kikomo huwa kidogo sana na mzunguko mmoja unakimaliza. Jibu litoke kwa kampuni kwa maandishi. Neno la ajenti kwa simu halitakusaidia kwenye dawati.

Bima ya mtu binafsi pia huwa na kipindi cha kusubiri, na kwa saratani mara nyingi ni mwaka au zaidi. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga hutengwa au hupewa kiasi kidogo. Usifiche. Anayejaza "sina ugonjwa" wakati faili lake la hospitali lina uvimbe ulioandikwa mwezi uliotangulia atalipa mchango miaka, na siku ya kudai kampuni itaomba faili hilo. Watalisoma, na mkataba utafutwa. Bima ya kikundi kutoka kazini mara nyingi haina masharti hayo ya kusubiri, lakini siku ukiacha kazi nayo inakuacha. Mgonjwa aliye katikati ya kemo asisaini barua ya kuacha kazi kabla ya kujua kadi inakufa tarehe gani. Na asibadilishe kampuni ya bima kwa sababu ya bei. Kwa kampuni mpya yeye ni mgonjwa wa zamani.

Ya pili ni bima ya magonjwa mazito. Hii hailipi hospitali. Inakulipa wewe, kiasi kimoja kilichoandikwa, mara daktari anapothibitisha ugonjwa. Ni nzuri sana, lakini madai yake hukataliwa kwa sababu watu hawakusoma maana ya neno saratani lilivyo ndani ya mkataba. Fungua ukurasa wa maana za maneno. Kwa kawaida utakuta uvimbe lazima uwe umevamia tishu za jirani. Saratani ambayo bado iko mahali pake pa kwanza na haijavamia, kama zile zinazopatikana mapema kwenye mlango wa kizazi, mara nyingi haihesabiwi au inalipwa sehemu tu. Saratani nyingi za ngozi, isipokuwa melanoma, nazo hutolewa. Halafu kuna siku za kuishi: mkataba unaweza kutaka mgonjwa awe hai siku 14 au 30 baada ya kuthibitishwa. Hilo sharti linasikika kikatili, na ni kikatili, lakini lipo, na tarehe yake huanza kwenye ripoti ya maabara. Kwa hiyo ripoti iwe na tarehe, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na sahihi ya mtaalamu wa maabara. Ripoti iliyoandikwa "Mama Achieng" inarudishwa.

Ya tatu ni ile ya pesa za kila usiku wa kulazwa. Sisi tunaionea shaka kwa ugonjwa huu. Kemo nyingi na karibu mionzi yote hufanywa mtu akienda na kurudi. Unakuja kutoka Molo siku 25, tuseme nauli ni 200 kwenda na 200 kurudi, ni 10,000, na ukisindikizwa ni 20,000. Bima hiyo haikupi hata senti, kwa sababu hukulala. Inafaa kwa upasuaji, basi.

Na kuna inayolipa mazishi. Vyama vingi vya hapa Nakuru vimeinunua, na mweka hazina anaisoma kwenye mkutano kama "bima yetu ya afya." Someni tena. Hiyo inalipa jeneza na gari. Hatusemi muiache, lakini kama chama kina pesa za aina moja tu ya bima, kaeni chini mjiulize upya.

Mpangilio wa kutumia ni huu. SHA inatangulia, hata kama una kadi ya binafsi, kwa sababu kampuni nyingi huondoa kwanza sehemu ya SHA kwenye bili, na kama mchango wako umelala, sehemu hiyo unailipa wewe. Kadi ya binafsi inaziba pengo la bei na dawa ambazo SHA haigusi. Pesa za bima ya magonjwa mazito zikae benki. Hizo ni za nauli, chakula, kodi ya nyumba na mshahara uliokatika, na tumeona mara nyingi zikimwagwa kwenye bili ya wiki ya kwanza ambayo SHA ingelipa. Harambee inakuja mwisho, na ije na tarakimu. Bango linalosema "tusaidie mama yetu" linaleta kidogo. Linalosema "siku saba za mionzi, 23,200, kufikia tarehe 14" linajaza, na paybill ikiwa ya hospitali yenyewe watu hawaulizi maswali.

Mwenye bima ya afya ya binafsi na mshahara: KRA inakupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya unacholipa bima, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Cheti kipeleke kwa mhasibu. Wengi hawajawahi kukipeleka.

Sasa idhini. Hospitali ndiyo inayoiomba kwenye mfumo, lakini wewe ndiye utakayekaa kwenye benchi ikikwama, kwa hiyo hakikisha vitu vyake viko: ripoti ya biopsi, hatua ya ugonjwa, na mpango wa matibabu wenye majina ya dawa, kipimo, idadi ya mizunguko na sahihi ya daktari wa saratani. Mpango unaosema "aanze kemo" peke yake hurudi. Kipimo cha damu kifanywe siku moja au mbili kabla ya kila mzunguko. Chembe nyeupe zikiwa chini, kemo inaahirishwa, na hilo ni sawa kitabibu. Kinachosahaulika ni kuliambia dawati tarehe mpya. Mgonjwa anarudi baada ya wiki, damu nzuri, na idhini yake ni ya tarehe iliyopita.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi kabla hujaondoka. Sababu ya karatasi, kama jina kutolingana, inatibika siku hiyo hiyo. Sababu ya kikomo inamaanisha kwenda kwenye mfuko wa pili au kadi ya pili. Sababu ya mkataba, kwamba dawa au ugonjwa hauko ndani, ndiyo ya kupigania: barua ya daktari inayoeleza kwa nini dawa hiyo, nakala ya ukurasa wa mkataba, barua kwa kampuni. Kampuni ya binafsi ikishikilia, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Kwa SHA, sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 imeweka mahakama ndogo ya kusuluhisha mizozo. Weka nakala za kila kitu kwenye faili moja la kadibodi, risiti za matatu zikiwemo.

Waliokuja na mpango wa matibabu, tokeni nao sasa. Kalkuleta ziko meza ya dirishani, mbili, na moja betri yake si ya kutumainiwa. Wasio na mpango wachukue karatasi tupu, waandike maswali matatu ya kumpelekea daktari Jumatatu: mizunguko mingapi, kila mmoja shilingi ngapi na kila kitu ndani yake, na mionzi siku ngapi. Mama wa kitambaa cha kijani, yako tumeona ina mizunguko sita. Tuanze na wewe.